Wikendi ya mashua Lamu na marafiki: anza na maji, mengine yatafuata

Likizo zikikaribia maswali ni yale yale. Tuko wanane, tunataka kulala baharini usiku mmoja, tuanzie wapi? Mashua ni salama? Choo kiko? Tulipe kwa kichwa au kwa chombo? Nimeyajibu hapa yote kwa pamoja, kwa ajili ya kundi linalotaka kuondoka Lamu mjini Jumamosi asubuhi, kulala pwani ya kisiwa cha Manda, na kurudi Jumapili mchana.

Kabla ya yote shika hili: ratiba ya safari hii inapangwa na maji kujaa na kupwa. Wengi hukata tiketi kwanza, wakatafuta chombo, halafu wakauliza habari za maji wakiwa tayari wamesimama gatini na mabegi. Hapo nahodha hana la kuwafanyia.

Kuhusu chombo chenyewe, msitafute jahazi kubwa. Jahazi ni la mizigo, boriti na mawe na mchanga. Linataka kina kirefu na mabaharia wengi. Watu sita hadi kumi wanatoshwa na mashua: mlingoti mmoja ulioinamia mbele, foromali ndefu (mti unaobeba tanga), tanga moja la pembe tatu, na mara nyingi mashini ndogo nyuma kwa siku ambayo upepo umegoma. Mkiwa zaidi ya kumi, chukueni mashua mbili. Msikubali kubanana.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Maji ya kunywa, lita nne kwa mtu kwa siku. Yabebeni kwa madumu. Chupa ndogo huishia baharini.
- Kofia yenye kamba ya kufungia kidevuni, fulana ya mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua. Jua la baharini hupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka majini.
- Leso mbili kwa kila mtu, wanaume pia. Leso ni kivuli, taulo, shuka, na pazia la kubadilishia nguo.
- Blanketi jepesi na mkeka. Umande wa usiku hulowesha kila kitu, na upepo wa alfajiri una baridi.
- Ndoo yenye kifuniko cha kubana, ile ya rangi, kwa simu, pesa na nguo kavu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, na hata hivyo haizuii maji ya chumvi.
- Tochi ya kuvaa kichwani.
- Viatu vya mpira vya kukanyagia mawe.
- Kisanduku cha dawa: tembe za kichefuchefu, za maumivu, siki, bandeji, kibano.
- Pesa taslimu. Mtandao wa simu hupotea sehemu nyingi huko.
- Kitambulisho au pasipoti.

Hatua ya 1: Chagua Jumamosi kwa kutazama mwezi

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoharibu safari nyingi kuliko zote.

Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita kutoka kujaa hadi kupwa, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne asubuhi. Maana yake, ukija wikendi ya bamvua ukitaka kuondoka baada ya chai, utakuta mashua imeegama mchangani.

Mwezi wa nusu ni maji mafu. Mkondo hupungua nguvu, na maji hujaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Hiyo ndiyo wikendi yenu. Tazama kalenda ya Kiislamu, utafute Jumamosi inayoangukia kati ya tarehe 7 na 9, au kati ya 21 na 23 ya mwezi. Ukishaipata, ithibitishe kwa jedwali la maji au kwa nahodha.

Sababu ya kung'ang'ania saa hizo ni mlango wa Mkanda. Ni njia nyembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku, na ndiyo inayowatoa Lamu mjini hadi Ghuba ya Manda na kisiwa kidogo cha Manda Toto. Maji yakipwa, kina chake hupungua sana. Chombo hupita vizuri maji yakiwa yanajaa, kwa sababu hata mkigusa mchanga, baada ya muda mfupi maji yatawainua. Mkigusa maji yakitoka, mtakaa.

Baada ya mwezi, msimu. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi: mtakwenda Manda Toto upepo ukiwa wa mbele na kurudi ukiwa nyuma, jambo zuri kwa watu waliochoka. Kusi, upepo wa kusini, huanza mnamo Aprili na kuendelea hadi Septemba. Aprili na Mei ni masika, na Juni hadi Agosti bahari huchafuka. Maji huwa na vumbi la mchanga, usione samaki. Kwa safari ya kwanza, chagua Oktoba hadi Machi.

Ramadhani ikiangukia humo, kumbuka mabaharia wengi watakuwa wamefunga. Waulizeni mapema wangependa ipangwe vipi.

Hatua ya 2: Mtafute nahodha, ukikague chombo kwa macho yako

Fikeni Lamu Alhamisi au Ijumaa asubuhi. Ukija kwa ndege unashukia Manda na kuvuka kwa boti. Ukija kwa basi unafika Mokowe, gati la bara, nako unavuka. Tembea barabara ya pwani, mjini na katika kijiji cha Shela. Madalali watakufuata. Wasikilize kwa heshima, ila mwambie kila mmoja kwamba unataka kuzungumza na nahodha mwenyewe, chomboni kwake.

Mwamkie, muulize hali, usianze na bei. Kisha muulize maswali haya:

a) Jumamosi maji yanajaa saa ngapi? Nahodha anayeijua kazi hujibu palepale, bila kutafuta simu. Kwangu jibu hili lina uzito kuliko picha zote atakazokuonyesha.

b) Mkanda tutapita saa ngapi kwenda, na saa ngapi kurudi?

c) Leseni ya chombo iko? Chombo cha abiria hukaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, na karatasi yake ioneshwe bila nongwa.

d) Mabaharia ni wangapi? Nahodha na baharia mmoja ndio uchache. Wawili ni bora, kwa sababu mmoja huwa ameshika jiko.

e) Kuna amri yoyote ya usalama wiki hii, ya kulala nje au kutembea baharini usiku? Swali hili mpelekee nahodha, halafu kituo cha polisi pia. Majibu yao yasipolingana, fuata ya polisi.

Baada ya hapo, panda uangalie. Inua mbao za sakafu uone ngama, pale chini maji yanapokusanyika. Maji kidogo ni kawaida ya chombo cha mbao. Maji yanayofika kifundo cha mguu asubuhi, kabla mtu hajapanda, si kawaida. Pitisha mkono kwenye demani, kamba inayoshika pembe ya tanga, na kwenye kamba ya kutwekea foromali. Zikiwa zimekatika nyuzi, sema. Angalia nanga ina kamba ya kutosha na kata ya kufulia maji, yaani ya kuyachota na kuyamwaga nje, iko. Zihesabu jaketi za kuokoa maisha, moja kwa kila mtu, halafu vaa moja na uifunge. Jaketi ambayo mikanda yake imekatika ni godoro tu.

Kosa la kawaida: kuchagua chombo kwa rangi na mito. Mito inanunulika sokoni.

Hatua ya 3: Patana, na mkumbushane yote kabla ya kupeana mkono

Lipeni kwa chombo. Ukilipa kwa kichwa, mwenye chombo hupata faida kwa kuongeza vichwa. Taja hivi kimoja kimoja: siku mbili na usiku mmoja, mafuta ya mashini, chakula ni cha nani na mpishi ni nani, miwani ya kuzamia, ada za viingilio, chakula cha mabaharia. Kubalianeni pia itakuwaje nahodha akiahirisha kwa sababu ya upepo. Toa nusu, nusu nyingine mkirudi, na andikeni ujumbe wa simu wenye makubaliano hayo ili wote muwe nayo.

Usipunguze bei mpaka nahodha akasirike. Mtalala chini ya ulinzi wake.

Hatua ya 4: Soko na chakula

Nendeni sokoni Ijumaa jioni na tena Jumamosi alfajiri. Ijumaa: mchele, nazi, vitunguu, nyanya, viazi, ndimu nyingi, pilipili, tangawizi, makaa. Jumamosi: samaki, changu au kolekole, na mahamri ya moto kwa mbaazi mtakazokula mkiwa njiani. Samaki wa Jumapili msimnunue. Mabaharia watatupa mshipi, na mkikosa, mna viazi.

Jiko ni la makaa, huwekwa ndani ya sanduku lenye mchanga ili ubao usiungue. Kwa hiyo pangeni vyakula vya sufuria moja. Wali wa nazi na samaki wa kuchoma waliopakwa ndimu, chumvi na pilipili ndio mlo unaowezekana bila fujo. Baada ya hapo ni chai ya tangawizi, ambayo itawafaa pia wanaochafukwa na moyo. Mtu asije na mpango wa chapati.

Chakula cha alfajiri ya Jumapili kitengwe mapema kwenye chombo chake na kifungwe. Vijana hula usiku.

Hatua ya 5: Kupakia

Fikeni gatini saa moja na nusu. Mkuu wa kundi aache orodha ya majina, namba ya simu ya nahodha, njia mtakayopita na saa ya kurudi kwa mtu wa nchi kavu, mwenyeji wenu au jamaa.

Vueni viatu kabla ya kupanda. Mizigo mizito ikae chini, katikati. Msipange wenyewe; mwachieni baharia, kwani chombo kikizidiwa omo, yaani mbele, kitazamisha pua, na kikizidiwa tezi, yaani nyuma, kitakataa usukani. Mifuko ya mchanga mtakayoikuta chini ni uzito wa kusawazishia chombo, msiitoe ili kupata nafasi ya miguu.

Hatua ya 6: Tanga linapotwekwa

Hapa ndipo wageni huumia, kwa hiyo someni polepole.

Foromali hupandishwa na watu wawili au watatu kwa kamba moja, kwa wimbo au kwa kuhesabu, na tanga hufunguka ghafla kwa kishindo. Wakati huo kila mgeni akae chini, kichwa chini ya usawa wa tanga. Mtu asishike kamba yoyote kwa kujizuia asianguke, maana kamba iliyolegea sasa hivi itakazwa baada ya muda mfupi na vidole vikiwa ndani. Shika ubao wa kando.

Chombo kikishika upepo kitalala upande mmoja. Upande unaotoka upepo ni wa joshi, ule ulioinama ni wa demani. Nahodha akisema "joshini," hamieni upande wa juu, mmoja mmoja, mkiwa mmechuchumaa. Wakati mwingine ataweka ubao unaotokeza nje upande wa joshi na baharia atakwenda kukaa juu yake, miguu ikining'inia majini, ili kukirudisha chombo. Usimfuate mpaka uitwe.

Upepo ukiwa wa mbele mtapiga bishi, yaani mtakwenda mshazari huku na huku. Kila mnapogeuza, tanga lote hubebwa kupita mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Angalieni kinachotokea: nahodha anageuza usukani, kamba ya demani inaachwa, baharia anakimbia na kitako cha foromali kukiingiza karibu na mlingoti mpaka foromali inasimama karibu wima, kitambaa kinapiga kelele juu ya vichwa, halafu anazunguka mbele na ile kamba na kuikaza upande mpya. Ni kazi nzuri sana kuitazama, na huitazama aliyekaa. Anayesimama kupiga picha ndiye hupigwa.

Watoto na wasiojua kuogelea wavae jaketi tangu gatini hadi watakaposhuka. Wanaojua kuogelea wavae jaketi mlango wa Mkanda ukishapitwa, maana ghubani upepo huongezeka.

Hatua ya 7: Manda Toto

Mkiondoka Lamu saa mbili maji yakijaa, mtapita Mkanda kabla ya saa nne. Ogeleeni kwanza, mle baadaye. Ingieni majini wawili wawili, na mmoja abaki chomboni kuhesabu vichwa. Waulizeni mabaharia mkondo unaelekea wapi, kisha anza kuogelea kinyume chake, ili urudi ukiwa umechoka huku maji yanakusukuma.

Msisimame juu ya matumbawe. Hukatika kwa uzito wa mguu mmoja, na huchukua miaka mingi kukua. Kasa akipita mwacheni. Mkitembea penye mchanga na maji machache, buruteni miguu, ili taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia asikie na kuondoka.

Hatua ya 8: Kulala

Tieni nanga kabla ya Magharibi, mbele ya ufuo ulio wazi. Mikoko ina mbu. Kwa wikendi niliyoieleza, jioni maji yatakuwa yamekupwa, kwa hiyo kina mnachokiona wakati wa kutia nanga ni karibu kile cha chini kabisa, na alfajiri hamtashtuka chombo kimeegama.

Wanaolala ufuoni watandike juu ya mstari wa mwani mkavu. Mstari wa mwani mbichi ni wa jana, na maji yatarudi hapo usiku.

Choo hakuna. Wanawake wapewe upande wao wa ufuo tangu mwanzo, bila kuulizana, na chepe kidogo kiwe kwenye mizigo. Karatasi zirudi mjini na taka nyingine. Kwa wanaoswali, kibla kutoka Lamu ni karibu kaskazini barabara, mabaharia watawaonyesha.

Muziki wa sauti kubwa na pombe viachwe. Mabaharia wengi ni watu wa dini, sauti husafiri mbali juu ya maji, na mlevi chomboni ni mzigo usio na kamba.

Hatua ya 9: Kurudi

Jumapili maji hujaa kama dakika 50 baada ya saa ya Jumamosi. Ng'oeni nanga saa tatu, mpite Mkanda maji yakiwa bado yanapanda. Akitokea wa kuomba "dakika kumi tu" ya kuogelea, mkuu wa kundi akatae.

Ikiwa wikendi yenu imeangukia bamvua

Msilazimishe Mkanda. Nendeni Takwa, magofu ya mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17, upande wa Manda unaotazamana na Shela. Kuna msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na kaburi la nguzo lenye maandishi ya 1683. Mkono wa bahari unaofika huko hupita katikati ya mikoko na huingilika maji yakijaa tu. Bamvua hujaa mnamo saa kumi jioni, kwa hivyo ondokeni Shela saa nane, muwe mmetoka kabla ya saa kumi na moja. Ulizeni mapema saa za kufungwa na ada ya kiingilio. Lala Manda, ufuo unaotazama Shela.

Mambo yakienda kombo

*Mtu amelewa bahari.* Akae katikati, karibu na mlingoti, atazame upeo wa macho, apewe tangawizi au ndimu. Tembe husaidia ikimezwa kabla ya safari, akishatapika haikai. Asishushwe kulala chini kwenye harufu ya ngama.

*Upepo umekufa.* Mashini iwashwe mapema, msisubiri mpaka maji yaanze kupwa. Isipowaka, kuna pondo (mti mrefu wa kusukumia chombo) na makasia, na hapo vijana wenu watakuwa na kazi.

*Mmepanda fungu la mchanga.* Maji yakijaa, tulieni. Yakipwa, nahodha anaweza kuwaomba mshuke msukume. Shukeni na viatu, upande atakaosema, kamwe si mbele ya chombo. Ikishindikana, kaeni mle. Kujaa kutarudi.

*Wingu jeusi na upepo wa ghafla.* Nahodha atatua tanga. Kaeni chini, jaketi kwa wote, kimya, ili amri zisikike. Asiwepo wa kumshauri.

*Maji yanaongezeka ngamani.* Mwambie nahodha palepale, hata kama unadhani ameona. Kisha shika kata na ufue.

*Konyeza (jellyfish) amemuunguza mtu.* Mwagia siki, msisugue kwa mchanga. Mwiba wa taa, au miiba mirefu myeusi ya wanyama wanaokaa kwenye mawe ya baharini: tumbukiza mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, mpaka maumivu yapungue, kisha hospitali. Akipumua kwa shida, rudini mara moja.

*Nahodha amesema leo hatuendi.* Msimbembeleze wala msitafute mwingine atakayekubali. Hakikisheni malipo yenu ya awali yamehamia siku nyingine kama mlivyoandikiana, kisha mwende kijiji cha Matondoni, mkaone mafundi wanavyochonga mbao za vyombo.